Tupeane uzoefu: Msumbiji ilivyokabidhiwa uhuru, Septemba 1974 hadi Juni 1975

Ng'ambo ya Ruvuma: Wakuu, tukiisimulia Msumbiji huwa tunaruka kutoka mapinduzi ya Lisbon, Ureno, 25 Aprili 1974, moja kwa moja hadi bendera ya uhuru kupandishwa uwanjani Machava. Miezi tisa ya serikali ya mpito tunaipita tu, na ndiyo iliyoamua mengi. Mnaoijua, karibuni.

Mtunza Majalada: Anzia Lusaka, 7 Septemba 1974. Jenerali Spínola, rais wa Ureno, alitaka kura ya maoni kuhusu uhuru, FRELIMO (chama kilichopigania uhuru) ikagoma katakata, na mkataba wa pande hizo mbili ukatoka bila kura. Katika serikali ya mpito, FRELIMO ilipewa waziri mkuu (Joaquim Chissano) na mawaziri 6 kati ya 9. Waliobaki aliwateua kamishna mkuu wa Ureno, Vítor Crespo. Usitishaji mapigano ulisimamiwa na tume ya kijeshi yenye idadi sawa ya wajumbe wa pande zote mbili. Siku ya uhuru iliwekwa 25 Juni kwa kuwa FRELIMO iliundwa tarehe hiyo mwaka 1962, Dar es Salaam.

Kusini Kwetu: Mkuu, ongeza redio. Siku ileile ya mkataba walowezi wa Kireno waliteka kituo cha redio, Rádio Clube, jijini Lourenço Marques (sasa Maputo) wakakishikilia hadi tarehe 10. Watu wengi waliuawa kwenye vitongoji vya Waafrika. Kuanzia hapo hofu ya walowezi haikupoa tena, wakafungasha kwa maelfu, na wapo walioharibu matrekta na mashine kabla ya kuondoka. Pengo likawa kubwa, maana Mreno alishika hadi kazi ya udereva na ya kaunta ya duka, huku zaidi ya asilimia 90 ya wananchi hawajui kusoma. Huo ni ukoloni uliokataa kufundisha watu, tusiulaumu uhuru.

Mtunza Majalada: Kweli kabisa. Na fedha je? Benki kuu, Banco de Moçambique, iliundwa 17 Mei 1975, wiki chache tu kabla ya sherehe, ikirithi kazi ya kutoa noti kutoka benki ya Kireno, Banco Nacional Ultramarino. Sarafu ya kikoloni, escudo, iliendelea kutumika hadi sarafu mpya, metical, ilipoingia 16 Juni 1980. Bwawa la umeme la Cahora Bassa ndilo lililochelewa kukabidhiwa kuliko vyote: Ureno ilibaki na asilimia 82 ya hisa, na Msumbiji ilifikisha asilimia 85 mwaka 2007.