Naomba ushauri: wapi wanapokea binti mjamzito akae mpaka ajifungue?

Habari zenu wapendwa, mdogo wangu ana miaka 17, mimba ya miezi sita, baba kamfukuza na begi lake la shule na madira mawili tu. Sahivi niko naye Mbagala, chumba kimoja mimi, mume wangu na watoto wawili, analala chini kwenye mkeka na miguu imeanza kuvimba, jamani inaniuma. Kliniki anahudhuria. Ustawi wa jamii nimeenda mara mbili naambiwa nisubiri.

Kuna nyumba Dar au Pwani inayowapokea mabinti kama hawa na wakijifungua wanabaki na mtoto wao? Na wanawasaidia kurudi shule, maana tangu 2021 serikali imeruhusu na yeye anataka amalizie kidato cha tatu?