Tuanze na Qiskit au Q#?

Swali (Mbeya): Wakuu, habari za leo. Nafundisha vijana Python hapa Mwanjelwa, nao wanatamani sana kuandika programu za kompyuta za kwanta. Je, tuanze na zana ya Qiskit ya IBM au lugha ya Q# ya Microsoft, ilhali kompyuta yetu ina RAM ya GB 8 tu?

Jibu (Iringa): Mkuu, kwa kuwa Python mnaijua, chukueni Qiskit, ambayo huandikwa kwa Python. RAM hiyo inatosha kabisa kwa kuanzia: kila kyubiti (kipande cha msingi cha taarifa cha kompyuta ya kwanta) inayoongezwa huzidisha kumbukumbu maradufu, hivyo kuiga kyubiti 20 kwenye kompyuta ya kawaida huhitaji takriban MB 16, lakini 30 hudai GB 16.

Jibu (Njombe): Naunga mkono. Angalieni tu kwamba masomo mengi ya zamani hutumia `execute`, amri ya kuendesha programu, iliyoondolewa katika toleo la 1.0 la Qiskit mwaka 2024.