Dawa ya kuongeza damu haijabadilisha kipimo: ni upungufu wa chuma au talasemia?

Mama wa Tanga: Habari za kazi, wataalamu. Mwanangu ana miaka minne na wingi wa damu yake ni gramu 10.4 kwa desilita. Ametumia dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, kwa miezi mitatu bila kukosa, lakini kipimo kimebaki palepale. Anakula, anacheza, na kipimo cha selimundu kilikuwa hasi. Karatasi ya picha kamili ya damu inaonesha MCV 63, RBC 5.3 na RDW 14.1, na hakuna aliyenieleza maana yake. Niendelee na dawa?

Fundi Hadubini: Pole, dada. MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, na za mwanao ni ndogo; RBC ni idadi yake, milioni 5.3 katika kila mikrolita, ambayo si haba hata kidogo. Aliyepungukiwa chuma kwa kawaida huwa na chembe ndogo na pia chache, kwa sababu uboho umekosa malighafi, ilhali mwenye vinasaba vya talasemia, yaani hitilafu ya kurithi katika utengenezaji wa hemoglobini (protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni), hutengeneza chembe nyingi, ila ndogo. Ukigawanya 63 kwa 5.3 unapata karibu 12: chini ya 13 huelekeza kwenye talasemia, juu yake kwenye upungufu wa chuma. Ni dokezo tu, si hukumu. RDW nayo, yaani tofauti ya ukubwa baina ya chembe, hupanda chuma kinapopungua, yake haijapanda.

Tabibu wa Pwani: Naafiki. Kipimo hasi cha selimundu hakisemi lolote kuhusu talasemia. Ningeanza na feritini, inayoonesha akiba ya chuma, ipimwe mtoto akiwa mzima, kwani malaria na maambukizi mengine huipandisha na kuficha upungufu. Kisha elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini: aina iitwayo A2 ikizidi asilimia 3.5, ni talasemia ya beta, moja ya aina mbili kuu, ingawa upungufu wa chuma unaweza kuishusha A2 hiyo. Aina ya pili, ya alfa, iliyoenea sana huku pwani, kwa kawaida haionekani hapo. Huthibitishwa kwa kipimo cha vinasaba.

Mama wa Tanga: Na feritini ikiwa ya kawaida?

Tabibu wa Pwani: Basi chuma zaidi hakitamsaidia, daktari wake ataisitisha dawa. Nanyi wazazi mpime picha kamili ya damu, na majibu yaandikwe kwenye kadi yake, asije akaanzishiwa dawa ileile kila apimwapo.