Naomba ushauri: machozi yangu yamekauka na onyesho linakaribia

Mwigizaji Mashakani: Ndugu zangu, naomba ushauri kwa heshima. Nimepewa nafasi ya baba anayefiwa na mwanawe, na katika mazoezi ya mwanzo nililia hata wenzangu wakashindwa kuendelea. Sasa machozi hayaji. Mwongozaji anataka nikumbuke huzuni yangu mwenyewe kila ninapofika pale, nami nimekumbuka hadi kumbukumbu yenyewe imechakaa. Je, mwigizaji ni lazima ahisi kweli, au inatosha watazamaji wahisi?

Fundi Taa: Kazi yangu ni taa tu, lakini nimewatazama wengi kutoka pembeni. Mmoja alilia kwa dhati hadi maneno yake hayakusikika hata safu ya pili, na watu wakaanza kukohoa. Mwingine alikuwa akinisimulia kichekesho, akakikatiza katikati, akaingia jukwaani, ukumbi mzima ukalia, aliporudi akakimalizia.

Bibi Mkufunzi: Mwanangu, swali lako ni kongwe. Diderot, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 18, alishikilia kwamba mwigizaji bora hubaki mtulivu ndani, kwa kuwa anayetegemea hisia hung'ara leo na kufifia kesho, jambo ambalo ndilo lililokupata. Stanislavski, mwongozaji Mrusi na mmoja wa waanzilishi wa Jumba la Sanaa za Maigizo la Moscow mwaka 1898, aliwahi kuzitumia kumbukumbu za hisia, lakini baadaye alielekea zaidi kwenye vitendo: mhusika anataka nini, na anafanya nini ili akipate. Stella Adler, mwigizaji wa Marekani, alipokutana naye Paris mwaka 1934, alirudi Marekani akisisitiza mazingira ya mhusika na nguvu ya kuwaza, badala ya majeraha ya mwigizaji. Acha kuyawinda machozi. Uliza baba huyo anamtaka mwanawe afanye nini dakika ile. Hata hivyo, kumbukumbu unayoitumia ni ipi?

Mpenda Maadili: Sanaa ina wajibu wa kuielimisha jamii. Brecht, mwandishi wa tamthilia Mjerumani, alitaka mtazamaji afikiri, asizame katika huruma. Kama watu wataondoka na leso zilizolowa bila kujiuliza kwa nini mtoto huyo alikufa, kazi yenu ina faida gani?

Mwigizaji Mashakani: Shikamoo Bibi. Ni kifo cha kaka yangu, ambaye nilikuwa naye hadi mwisho. Tena, kwa kuwa umeuliza, maneno ambayo mwana anayasema kabla ya kukata roho si ya mwandishi. Ni ya kaka yangu, na mimi ndiye niliyeyapeleka. Mama hajui, naye atakuwepo usiku wa kwanza. Msinihukumu upesi, kwani maneno yaliyokuwapo yalikuwa dhaifu na tamthilia imepata uhai. Kinachonitisha ni kwamba kijana anayeyasema anayasema vizuri sana, na nikijaribu kumkumbuka kaka, sauti ninayoisikia ni ya kijana huyo.

Mdadisi: Mwanzo mwongozaji ndiye aliyekulazimisha kukumbuka, sasa tunaambiwa wewe ndiye uliyeileta kumbukumbu mazoezini. Isitoshe, habari inatolewa kwa mafungu, kila fungu zito kuliko lililotangulia. Nashuku huyu ni mtunzi anayetufanya hadhira ya majaribio.

Mcheshi: Kama ni utunzi, naomba nafasi ya daktari. Naweza kusema "tumefanya yote tuliyoweza" bila kucheka.

Mpenda Maadili: Kama ni uongo, basi tumedhihakiwa, na uzi ufungwe.

Bibi Mkufunzi: Usifungwe. Mtunzi angebuni machozi yaliyokauka na mama asiyejua. Hilo la sauti kumezwa na sauti ya mwigizaji mwingine nimelisikia tu kwa waliolipitia. Mwanangu, rudisheni maneno ya mwandishi, hata kama ni dhaifu, au mwambie mama yako kabla ya usiku huo. Baba jukwaani halii kwa sababu anasikiliza jinsi maneno yanavyosemwa, badala ya kuyasikia.

Mwigizaji Mashakani: Nikimwambia mama, atakataa, na wenzangu wameshayazoea maneno hayo. Kuyabadilisha sasa ni kuwavuruga wote. Niliomba ushauri kuhusu machozi.

Bibi Mkufunzi: Kama unajua atakataa, umeshamuuliza.

Fundi Taa: Kuhusu machozi, basi, geuka uwape mgongo. Kutoka safu za nyuma hakuna anayeona chozi, lakini mabega kila mtu anayaona. Mwambie mwongozaji ahamishe kitanda upande wa kushoto, nami nitajua taa ya kupunguza.