Tupeane uzoefu: aliyewahi kutembea jangwani, ulifanya nini kule?

Mpwani wa Muscat
Wakuu, habari zenu. Desemba shemeji yangu na wanawe wanakuja kunitembelea kutoka Tanga. Bahari hawaitaki, eti wanayo nyumbani. Wanataka mchanga. Naanza mimi, nanyi mwendelee.

Nilikwenda jangwa la Sharqiya, hapa Oman, ambalo wengi bado wanaliita Wahiba, na gari la fowili, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kukodi. Bidiyah, kabla ya kuingia mchangani, kuna maduka ya tairi ambako watu husimama kupunguza upepo. Mimi nikapita zangu, fowili si fowili? Kilomita mbili hazikutimia, gari likakalia tumbo. Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi. Mke wangu kimya, na kimya chake mnakijua wenyewe mliooa.

Akaja mzee mmoja na pikapu. Hata salamu yangu hakuimaliza kuijibu, akachuchumaa kwenye tairi na kijiti, anatoa upepo. Zote nne, kutoka psi 35 mpaka kama 16, zikabonyea kama chapati. Tukafukua mchanga kwa mikono, halafu akaniashiria nirudi nyuma, taratibu, kwenye alama zangu mwenyewe. Likatoka. Nikamwambia mke wangu, "Huyu mzee Mungu kamleta." Mzee akageuka: "Kanileta mbuzi wangu aliyepotea." Kiswahili cha Unguja kabisa, mama yake kazaliwa kule! Pande zile za Ibra, mji wa jirani, angalieni mnachosema.

Kilichobaki moyoni lakini si gari. Ni alfajiri ya pili, kupanda tuta peku, mchanga baridi kama sakafu ya msikiti, na nyayo za mende zimeandika kila mahali.

Binti Kisauni
Mie nilifanya kazi Dubai, bosi akatutoa siku moja kurushwa na gari juu ya matuta. Nilikuwa nimeshakula biriani. Siendelei.

Msafiri wa Isiolo
Sisi Wakenya tunalo la kwetu, Chalbi, kule Marsabit. Msitarajie matuta tu. Sehemu kubwa ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare, nyeupe kwa chumvi, na mazigazi yanakuchezea mchana kutwa. Tulimbishia dereva kwamba mbele kuna maji. Akatupeleka. Hakuna.

Tulilala Kalacha, penye chemchemi na mikoma. Wagabra huleta ngamia kunywa, na nikaomba kupanda mmoja. Walicheka! Ngamia wao ni wa maziwa na mizigo, mtu mzima mwenye miguu yake anatembea. Basi tukatembea nao kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na kufikia saa tatu jua lilikuwa limeshatufukuza. Kwangu hiyo ndiyo safari bora kuliko zote, na haikuhitaji mtambo wowote.

Kosa letu lilikuwa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Tulipita mitambo 365 ya umeme wa upepo, tukapiga picha, kisha tukasimamisha hema jepesi la dukani. Kufika saa sita usiku lilishachanika. Na msiende Chalbi mvua ikiwa imenyesha, ile chumvi inageuka tope na hakuna wa kuwavuta.

Kijana wa Karatu
Jangwa kamili sijafika, ila mmewahi kuuona mchanga unaohama, karibu na Olduvai? Ni majivu meusi ya volkano ya Oldoinyo Lengai, yamejikusanya kama mwezi mwandamo, na upepo unayasukuma kama mita 17 kwa mwaka. Kuna vibao vya miaka kuonyesha lilipokuwa tuta. Nilisimama kwenye kibao cha mwaka niliozaliwa, tuta lenyewe liko mbali huko, nikajiona mzee. Ukirusha konzi ya mchanga ule juu, hautawanyiki sana, una chuma, unashikana.

Binti Kisauni
@Mpwani wa Muscat watoto wa umri gani? Vibao vya kuteleza mchangani wanangu walivipenda kuliko hata ngamia, ila wapeleke jioni. Mchana mchanga unaunguza nyayo, tulirudi na malengelenge.

Mpwani wa Muscat
Saba na kumi na moja. Nimemsomea shemeji yote haya, kasema ngamia sawa, vibao sawa, ila gari aendeshe mtu mwingine, si mimi. Sasa nani kalala Wahiba mwezi huo wa 12? Blanketi moja linatosha au nibebe mawili kila mtu?