Soketi mpya ya jikoni, sasa testa inawaka matundu yote mawili sebuleni

Mama wa Migosi, Kisumu
Habari zenu mafundi. Soketi dabo ya jikoni iliungua upande wa birika. Nimenunua mpya, nikazima swichi kuu na kuibadilisha mwenyewe. Nyaya ni za rangi za zamani: nyekundu mbili, nyeusi mbili, kijani mbili, na kila moja iko kwa herufi yake: nyekundu kwa L (laivu), nyeusi kwa N (nyutro), kijani kwa E (ethi). Jikoni stima iko, birika linachemsha. Lakini soketi ya friji sebuleni, upande wa pili wa ukuta huo, imekufa. Nikiipima, testa inawaka tundu la kulia na la kushoto pia! Hiyo stima ya pili inatoka wapi? Nina samaki ndani ya friji.

Kijana wa Kondele
Umepoteza nyutro, mama, ule waya wa kurudisha stima. Hapo kwa friji unganisha N na ule waya wa kijani, itawaka leo leo.

Fundi wa Nyalenda
Kijana, kwa nyutro umepata, lakini dawa hiyo usimpe mtu yeyote. Waya wa kijani ukija kulegea popote, bati la friji litabeba volti 240, na mama anashika mlango akiwa na mikono yenye maji.

Mama, stima ni ile ile moja. Laivu inaingia kwa friji, inapita ndani yake, inatokea upande wa nyutro na kukosa njia ya kurudi. Chomoa friji na chochote kingine kilicho kwa laini hiyo, kisha pima tena. Tundu la kushoto likizima, nyutro imekatika, na pa kuanzia ni hiyo soketi mpya.

Zima swichi kuu kwanza, maana waya mweusi wa kwenda sebuleni sasa unarusha sawa na mwekundu. Vuta soketi, tingiza nyeusi moja moja. Mara nyingi skrubu huwa imebana plastiki badala ya shaba, ama waya wa pili umesimama kando ya tundu la skrubu hiyo. Ncha iliyoungua ikate mpaka ufikie shaba inayong'aa, ingiza zote mbili pamoja, kaza, halafu zivute kwa nguvu. Waya ukiwa mfupi usifike, usiunge kwa tepu. Ita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya.

Mama wa Migosi, Kisumu
Asante sana fundi. Nilipochomoa friji, tundu la kushoto lilizima kweli. Waya mmoja mweusi ulikuwa umebanwa kwa plastiki tu, ukatoka mara moja. Nimekata, nimekaza, friji inanguruma.

Fundi wa Nyalenda
Vizuri mama. Kabla hujafunga, je, zile za kijani umezivuta? Zima tena uzijaribu. Hizo ndizo kinga yako bati likishika stima; zikitoka, friji itaendelea kufanya kazi na hutajua kitu.

Mama wa Migosi, Kisumu
Nimezima tena. Moja ilikuwa inacheza, nimeikaza.