Kikundi cha jamaa wa Langoni, Lamu: tumwandike Babu alivyokuwa

Ami Mkubwa: Assalamu alaikum warahmatullah, ndugu zangu na watoto wetu. Hitima ya baba yetu itasomwa Ijumaa ijayo baada ya sala ya Alasiri, na jamaa wa msikitini wameniomba tuandike ukurasa mmoja wa maisha yake ili usomwe kabla ya dua. Naomba kila mmoja aeleze hapa jambo aliloliona kwa macho yake. Kusema kwamba alikuwa mwema na mcheshi tuache, kwa sababu maneno hayo husemwa juu ya kila maiti na hakuna anayeyasikiliza.

Shangazi: Waalaikumu salaam, kaka. Mimi nitaanza na nazi, maana ndizo zilizotulea. Marehemu hakupanda nazi yoyote iliyoanguka ikaota yenyewe. Alichagua mnazi uliozaa vizuri kila mwanguo, si ule uliozaa sana mara moja kisha ukapumzika, akaziweka nazi zake hadi makumbi yakakauka na maji yakasikika yakicheza ndani, ndipo akazilaza ubavu kitaluni chini ya mwembe. Zilizochelewa kuota alizipasua, nasi watoto tukala joya, ule moyo laini wa nazi inayoanza kuota. Alisema mche mvivu huzaa mnazi mvivu, na hakuna aliyeweza kumbadilisha katika hilo.

Mjukuu wa Mombasa: Mashimo yake nayakumbuka vizuri kwa sababu niliyachimba mimi kila likizo. Kila shimo lilikuwa la mikono miwili kwenda chini, na kutoka shimo hadi shimo alipima hatua zake kumi na mbili, zinazokaribia mita 9. Chini kabisa tulitandika makumbi yaliyolowa ili yashike unyevu wakati wa kaskazi, kwa kuwa mchanga wa huku haukai na maji. Nikisogeza shimo kidogo ili nikwepe mizizi ya mkorosho, aliniamuru nilifukie shimo lote nianze upya.

Shangazi: Na ulilia, nakumbuka.

Mzee Mkwezi (jirani wa Matondoni): Jamaa zangu, nimekwea minazi ya Mzee tangu nikiwa kijana, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya maji moto. Chungu hao wekundu hushona majani ya miembe na mikorosho wakafanya viota, kisha hupanda minazi, na mkwezi akifika kileleni humvaa shingoni na kwapani hata akatamani kujiachia. Nilimtaka apulize dawa tuwamalize. Alikataa katakata. Alinipeleka chini ya mnazi usiokuwa na chungu, akaokota vidaka vilivyoanguka kabla ya wakati wake, akanionyesha kovu dogo jeusi lililotoa utomvu karibu na kikonyo, akaniambia kuwa hapo ndipo kidudu kinachofyonza kilipochoma, na kwamba kidudu hicho hakikai penye maji moto. Baadaye bwana shamba alikuja akatuambia vivyo hivyo, na Mzee hakusema neno, ila alinitazama. Alikuwa akifunga kamba za usumba kutoka mti hadi mti ili chungu wavuke bila ya kukanyaga ardhi, ambako sisimizi wadogo huwashambulia, nami nikajipaka jivu mikononi na miguuni kabla ya kukwea. Kwa kila mnazi wenye maji moto alinizidishia nazi moja juu ya ujira wangu, na malipo hayo hakuyapunguza hata msimu ambao nazi zilikuwa haba.

Ami Mkubwa: Hili litaandikwa lote, Mzee wangu. Mwenyezi Mungu akulipe.

Binti wa Mwisho: Aliyafanya hayo kwa maji moto, lakini chonga, yule mbawakawa anayetoboa minazi, hakumhurumia. Makuti machanga yakifunguka yakiwa yamekatwa pembetatu kama kwa mkasi, alijua kuwa mdudu yumo ndani ya kilele, akamtuma mkwezi na waya wenye ncha ya kulabu amtoe. Alikuwa haachi gogo la mnazi uliokufa lioze shambani, kwani humo ndimo chonga hutaga, na alimnunia jirani mmoja msimu mzima kwa sababu ya magogo aliyoyaacha mpakani. Naomba na hilo la kununa liandikwe. Baba hakuwa malaika.

Ami Mkubwa: Dada yangu, huo ni ukurasa wa hitima, si wa baraza la wazee. Jirani mwenyewe atakuwa ameketi mkekani.

Binti wa Mwisho: Basi jirani asitajwe, lakini magogo yatajwe, kaka.

Mjukuu wa Mombasa: Tukisema kweli, tuseme na habari ya madafu. Wageni wa Shela walikuwa tayari kulipa dafu moja bei inayozidi nazi kavu, na Babu akakataa kuyauza. Mnazi hauzai pesa kwa kungojewa. Dafu huwa tayari mwezi wa saba hivi tangu ua, ilhali nazi hukomaa karibu na mwaka mzima, na kwa hesabu yangu mimi alikuwa akipoteza.

Shangazi: Alikuwa akipoteza pesa, mwanangu, lakini hakukosa nazi ya kutoa. Kila mwanguo pakacha la kwanza halikufika nyumbani kwetu, lilikwenda kwa wajane wa mtaa na kwa madrasa, na jikoni kwa wale wajane ndiko nilikojifunza kukamua tui. Dafu moja hunywewa na mgeni mmoja likaisha. Sasa kwamba alitunyima sisi wanawe hata dafu la kufungulia kinywa mwezi wa Ramadhani, hilo nalikubali, na nilikuwa nikikasirika.

Mzee Mkwezi: Mimi nilikuwa upande wa mjukuu. Tulibishana naye miaka mingi, na hatukuafikiana.

Binti wa Mwisho: Tusisahau hesabu yake ya mwaka. Alisema mwezi mwandamo ni wa ibada, wala haumfai mkulima, kwa kuwa mwaka wake hurudi nyuma siku kama 11 kila mzunguko. Yeye alihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za mwisho, kama walivyohesabu manahodha. Alikuwa akiichora miongo kwa makaa kwenye ukuta wa dungu la shamba, na mtu akimwuliza lini apande mtama au kunde, alikwenda kwanza kuutazama ukuta, kisha akatazama mawingu upande wa bahari, na pengine akamwambia angoje. Mwaka huu mistari ilikuwa imekwisha kuchorwa hadi miongo ya masika.

Mjukuu wa Mombasa: Nimeupiga picha ukuta huo siku ya mazishi. Nitaituma leo usiku nikipata intaneti nzuri.

Ami Mkubwa: Nitaanza ukurasa na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba Mwislamu akipanda mti kisha akala kutokana nao mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Baada yake nitaweka kitalu, mashimo, maji moto, pakacha la wajane na miongo. Tena nitaongeza jambo la kwangu. Mji wetu umeandikishwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia kwa ajili ya nyumba zake za mawe na michoro ya milango, na wageni hupiga picha milango hiyo kutwa, lakini ni wachache wanaofika huku nyuma mashambani, zilikotoka nazi za wali na makuti ya mapaa, zikabebwa na punda kwenye shogi mpaka madukani. Marehemu alikuwa mtu wa upande huu wa kisiwa, na ukurasa utasema hivyo wazi.

Shangazi: Je, kitaluni kumesalia nini? Miche ile isikae mpaka mizizi ikatoboa ardhi.

Binti wa Mwisho: Nimekwenda jana asubuhi. Imesalia mistari miwili, mingi ina majani manne, na michache ni mifupi sana ambayo Baba angeitoa.

Mzee Mkwezi: Itoeni, basi. Mimi nitakuja Jumamosi baada ya Alfajiri kuonyesha mashimo, maana najua alipotaka kuipanda: upande wa kisima, palipokufa minazi mitatu wakati wa ukame. Kijana aje na jembe lake, na makumbi yaloweshwe tangu Alhamisi.

Mjukuu wa Mombasa: Nitapanda basi la Ijumaa mapema, inshallah, niwahi hitima kisha nilale shambani. Nani atasoma ukurasa?

Ami Mkubwa: Mzee Mkwezi ndiye atakayeusoma, akiridhia.

Mzee Mkwezi: Nimeridhia, ila habari ya madafu isifutwe.

Ami Mkubwa: Haitafutwa. Nitakuletea karatasi Alhamisi kwa mkono, kwa herufi kubwa.